UZI: Mwezi umeandama au haujaandama? Kabla hujabisha, eleza kwanza hoja ya mwenzako

#1 Mwl_Fizikia_Tanga (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika 29 Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, humu ndani hapakaliki. Mmoja anabandika picha ya programu ya simu inayoonyesha mwezi ulipo, anamalizia na "mashehe wenu bado wako karne ya saba". Mwingine anamjibu kwamba hayo ni mambo ya makafiri na mwenye simu keshapotea. Ikifika ukurasa wa kumi watu wameshatukaniana wazazi, wasimamizi wanafunga uzi, Ramadhani inaingia watu hawapeani salamu. Ikifika 29 Ramadhani tunaanza upya.

Mimi nafundisha fizikia sekondari, nafunga, na nina ndugu kila upande: wa mwezi wa kitaifa (anafuata ulioonekana nchini mwake), wa mwezi wa kimataifa (ukionekana popote duniani anaufuata), na mmoja anayetaka kalenda ya hisabu ipigwe chapa hata ya miaka mia tupumzike. Katika ugomvi huu karibu kila mtu anapigana na adui aliyemtunga mwenyewe. Mtu wa darubini anapigana na shehe asiyejua kwamba dunia ni mviringo. Shehe anapigana na kijana asiyeswali anayetaka kuifuta Ramadhani. Watu hao wawili mimi sijawahi kukutana nao.

Kwa hiyo uzi huu una sharti moja. Kabla hujampinga mtu, eleza hoja yake kwa maneno yako mwenyewe mpaka yeye aseme "naam, ndivyo". Akikataa, rudia. Akikubali, mpinge utakavyo, hakuna atakayekuzuia. (Galileo naomba tumwache apumzike. Kila uzi wa dini na sayansi anaitwa yeye kutoa ushahidi, na nusu ya wanaomwita hawajui alishitakiwa kwa lipi.)

Naanza mimi. Kwanza yale ambayo falaki, yaani elimu ya nyota, inayajua bila shaka.

Mwezi hurudi kwenye mstari mmoja na jua kila baada ya wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Muda wa kukutana huko unajulikana mpaka dakika yake, miaka mingi mbele. Lakini dakika hiyo mwezi hauonekani, maana upande wake wenye mwanga umetupa kisogo. Baada ya hapo unajitenga na jua kwa kadiri ya nusu digrii kila saa. Mfaransa André Danjon, miaka ya 1930, alionyesha kwamba mwezi ukiwa chini ya digrii kama 7 kutoka kwenye jua hakuna hilali (ule mwezi mwembamba wa mwanzo) ya kuonekana kwa macho. Yaani kuna saa nyingi ambazo mwezi mpya upo, na hakuna binadamu anayeweza kuuona.

Sasa njoo Aprili 2023. Tarehe 20 asubuhi, saa 12 na nusu kwa saa zetu, jua lilipatwa kikamilifu huko Exmouth, Australia Magharibi. Jua halipatwi ila mwezi unapolipita mbele, kwa hiyo siku hiyo hata asiyeamini hesabu aliona kwa macho kwamba mwezi na jua vimekutana. Magharibi ilipoingia Bara Arabu mwezi ulikuwa na umri wa saa kumi na moja na kitu. Wanafalaki wengi walishasema mapema kwamba kwa macho matupu hautaonekana kule. Usiku ukatoka tangazo la Saudi Arabia: umeonekana, Idi ni Ijumaa tarehe 21. Oman, jirani wa mlango kwa mlango, wakakamilisha siku 30 za mfungo wakala Idi Jumamosi tarehe 22. Malaysia na serikali ya Indonesia nao Jumamosi. Mliokuwepo humu mnakumbuka matusi ya usiku ule.

Ninavyoona mimi, falaki inaweza kuniambia mwezi uko wapi, una umri gani, na kama inawezekana kuuona kutoka Tanga. Haiwezi kuniambia mwezi wa Ramadhani unaanza lini. Uanze pale mwezi na jua vinapokutana? Mwezi unapotua baada ya jua? Unapowezekana kuonekana? Au unapoonekana hasa, na kama ni hivyo, na nani na kutoka wapi? Hayo ni maswali ya sheria, darubini haiyajibu hata uijenge kubwa kama uwanja wa mpira. Na kwa upande mwingine, sheria haina uwezo wa kuufanya mwezi uliokwishatua uonekane. Tukichanganya maswali haya mawili ndipo matusi yanapoanzia.

Hoja ya watu wa kuona kwa macho, nikiielewa mimi, ni hii: Mtume amesema tufunge kwa kuuona na tufungue kwa kuuona, na mawingu yakituziba tukamilishe 30. Amri ni wazi, ibada haiongezwi wala haipunguzwi, basi hesabu haina kazi hapo.

Ustadh wa Mtaani, wewe ni wa upande huo: nimekuelewa au nimekusingizia?

#2 Mdadisi_254

Mimi siamini dini yoyote, nimekuja tu kuwatazama. Watu wametua mwezini mwaka 1969, nyinyi bado mnautafuta. Endeleeni.

#3 Ustadh_wa_Mtaani

Mwalimu, umenielewa nusu. Usikasirike, nakurudisha kama sharti lako linavyosema.

Umetaja amri ukaiacha sababu. Ukiiacha sababu tunaonekana watu wa "imeandikwa hivyo, nyamaza". Kufunga ni ibada ya kila mtu: mchungaji wa ng'ombe, mvuvi aliyeko baharini na mashua yake, bibi asiyejua kusoma. Alama yake ikawekwa pale ambapo wote hao wanaweza kuifikia bila kumuuliza mtaalamu wala mtawala. Toka nje, tazama magharibi. Umeuona, funga. Hujauona, kuna kanuni ya 30. Hiyo kanuni ya 30 ndiyo watu wa sayansi mnaipita bila kuitazama. Sheria ilijua tangu mwanzo kwamba kutakuwa na mawingu na macho mabovu, ikaweka njia ya kutoka. Mungu hakututaka tuujue mwezi ulipo. Ametutaka tufanye tunaloliweza, kisha tusiwe na wasiwasi.

Na nani kasema hatujui falaki? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu waziwazi wanaokanusha hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi kwa jina la dini. Alisema mtu wa namna hiyo anaidhuru dini, kwa sababu mwenye ushahidi wa hesabu hataitilia shaka hesabu yake, ataitilia shaka dini.

#4 Mwl_Fizikia_Tanga

Naam. Hiyo ya ibada kutowekwa mikononi mwa mtaalamu sikuiweka, na ndiyo nzito kuliko zote. Napokea.

#5 Mama_Futari

Samahani wanangu, nyinyi mnabishana digrii, mimi nauliza niloweke mbaazi au nisiloweke. Tangazo linakuja saa nne usiku, mara saa tano. Wanaume wako barazani na simu, sisi tuko jikoni hatujui tunapika daku au tunapika pilau la Idi. Mwaka mmoja nimekata kuku watano, nyama imelala kwa jirani mwenye friji, kesho yake tukaamka tumefunga. Katika huo uungwana mnaoutafuta, mtukumbuke na sisi.

#6 Mzaliwa_wa_Unguja_Muscat

Mama, huku Muscat yako yanafanana na yetu. Hiyo 2023 aliyoitaja mwalimu niliishi. Dada yangu yuko Dubai, mimi niko hapa, katikati ni safari ya gari ya asubuhi tu. Ijumaa ananitumia picha za halua na watoto wamevaa nguo mpya, mimi nimefunga. Nilikasirika, sisemi uongo. Halafu nikaikumbuka hadithi ya Kurayb.

Kwa wasioijua: Kurayb alitumwa Sham (upande wa Syria) kwa mtawala wa huko, Muawiya, Ramadhani ikamkuta huko, wakauona mwezi usiku wa kuamkia Ijumaa. Akarudi Madina mwisho wa mwezi. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamuuliza mliuona lini? Akasema usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akasema sisi tumeuona usiku wa Jumamosi, basi tutaendelea kufunga mpaka tukamilishe 30 au tuuone. Kurayb akauliza, hakukutoshi kuona kwa Muawiya? Akajibu hapana, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume.

Watu wa mwezi wa kitaifa wanaitumia hadithi hii kila mwaka kuwapigia wenzao. Sawa, ni dalili yao. Lakini Ibn Abbas hakusema watu wa Sham wamekosea. Hakusema Muawiya muongo, wala Kurayb alipe kadha. Alimuuliza habari, akaipokea kama habari, kisha akabaki na mji wake. Mimi nilimpigia dada nikampa mkono wa Idi, na Jumamosi akanipa wangu.

#7 Kijana_Columbus_Ohio

Huku Marekani hali ni tofauti kidogo na ningeomba muielewe. Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilichukua njia ya hisabu mwaka 2006. Wengine wakaliita baraza la wavivu. Jamani, huku Idi si sikukuu ya serikali. Ukitaka mapumziko kazini unaomba wiki kadhaa kabla, na mtoto akikosa shule barua inatakiwa. Ukimwambia bosi "labda Ijumaa, labda Jumamosi, nitakuambia usiku", hakuelewi kabisa. Ukumbi wa kuswalia unakodiwa kwa tarehe, hawarudishi pesa.

Hata hivyo hapahapa mjini kuna misikiti inayosubiri kuona, kwa hiyo Idi mbili zipo palepale. Hisabu haikutuunganisha. Imetupunguzia tu shida za kazi.

#8 Mdadisi_254

Huyo wa Ohio ndiye mwenye akili. Tumieni hisabu kesi iishe. Sioni ugumu uko wapi.

#9 Mtoto_wa_Mchungaji

Mdadisi, subiri kwanza. Mimi Mlutheri wa Mbeya, huu mwezi si wangu, ila tunao wetu. Pasaka yetu ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake. Na huo mwezi hatuutafuti angani hata kidogo. Ni mwezi wa kwenye majedwali, tofauti kidogo na mwezi wa kweli. Yaani Wakristo tulishakwenda kwenye hisabu zamani sana, ile njia mnayosema ingemaliza ugomvi.

Je, ulikwisha? Kalenda ya zamani ilikuwa imeteleza siku kumi, Papa Gregori wa 13 akairekebisha mwaka 1582. Hesabu zilifanywa na wataalamu, akiwemo padri Mjesuiti Christopher Clavius. Watu wakalala 4 Oktoba wakaamka 15 Oktoba. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, lakini aliyeitangaza alikuwa Papa. Uingereza ya Kiprotestanti ikakaa na kalenda iliyoteleza mpaka 1752, kwa sababu hawakutaka kuamrishwa na Roma hata jambo la jua. Na Waorthodoksi mpaka leo wanaipigia Pasaka hesabu yao ya zamani. 2024 sisi tulisherehekea 31 Machi, wao na ndugu zetu wa Ethiopia 5 Mei. Wiki tano! 2025 tukakutana tarehe 20 Aprili, kwa bahati ya kalenda tu.

Kwa hiyo hesabu tunayo karne na karne na bado hatuli pamoja. Lililowazuia Waingereza halikuwa hesabu. Nani ana haki ya kukutangazia sikukuu yako? Swali hilo hakuna jedwali linalolimaliza.

#10 Mwl_Fizikia_Tanga

Mtoto wa Mchungaji, umenipa somo zima hapo. Niongeze kwa Mdadisi: ukisema "tumieni hisabu", unamaanisha ipi? Kalenda ya Ummul-Qura ya Saudia inatazama kama mwezi na jua vimekutana kabla ya magharibi ya Makka, na mwezi ukatua baada ya jua. Waturuki wanataka mwezi uwe digrii 5 juu ya upeo na digrii 8 kutoka kwenye jua, popote duniani. Malaysia, Indonesia na majirani zao wanasema digrii 3 juu na 6.4 kutoka kwenye jua. Wote hao ni watu wa hesabu, na kuna miezi wanapishana siku nzima. Wanaijua namba ileile ya mahali mwezi ulipo. Kinachowatofautisha ni wapi waweke mstari.

Halafu Mdadisi, hujatimiza sharti. Uliingia na habari za kutua mwezini, ukatoka. Eleza hoja ya Ustadh.

#11 Mdadisi_254

Haya. Hoja ya Ustadh: watu wa zamani hawakuwa na vyombo, wakatumia macho. Vizazi vilivyofuata wakaogopa kubadilisha kwa sababu dini inakataza kuuliza. Sawa?

#12 Ustadh_wa_Mtaani

Hapana. Hiyo ni hoja yako kunihusu mimi. Yangu hujaigusa. Rudia.

#13 Binti_Jomvu

😂😂 Mdadisi kapewa sifuri. Rudia mwanangu, tunakungoja.

#14 Mdadisi_254

Nimerudi kusoma juu. Jaribio la pili, na nimeliandika taratibu.

Ustadh anasema mwezi wa ibada si kitu cha kugundua, ni kitu cha kutangaza kwa utaratibu uliokubaliwa. Mahakamani hakimu hatafuti ukweli wote wa ulimwengu, anatumia ushahidi uliofika mbele yake kwa kanuni zinazojulikana, akihukumu imehukumiwa na maisha yanaendelea. Kanuni yake ina mambo matatu: alama anayoifikia kila mtu, shahidi anayeaminika, na namba 30 ya kufungia mlango shaka. Kosa likitokea haliwezi kuzidi siku moja, na aliyekosea kwa kufuata utaratibu hana dhambi. Kwa hiyo nikimwonyesha Ustadh kwamba mwezi ulikuwa umri wa saa kumi na moja, ninamjibu swali ambalo hakuuliza.

#15 Ustadh_wa_Mtaani

Naam, ndivyo. Wallahi nina wanafunzi wa darsa wasioweza kuieleza hivyo. Sasa nipinge.

#16 Mdadisi_254

Nakupinga hapa: hakimu anayejua kwa yakini kwamba shahidi anasema lisilowezekana hawezi kumpokea. Mtu akisema alimuona fulani Kisumu saa sita, na picha zinaonyesha fulani alikuwa Mombasa saa sita, ushahidi unatupwa. Kwa nini shahidi wa mwezi asitupwe pale hesabu inaposema mwezi ulikuwa umeshatua?

#17 Ustadh_wa_Mtaani

Hoja hiyo ina mwenyewe, na ni wa madhehebu yetu. Taqiyuddin Subki, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii wa karne ya 14, alisema hivyohivyo: hesabu ikionyesha kwa yakini kwamba kuonekana hakuwezekani, ushahidi wa aliyesema kaona unakataliwa, kwa sababu hesabu ni yakini na ushahidi ni dhana. Wengi wa waliomfuata hawakukubaliana naye. Mimi binafsi namuona ana nguvu. Nasema hapa, msikitini sijasema, na mwalimu asinikamate.

Sasa zamu yangu kueleza hoja ya watu wa hisabu. Wao wanasema hadithi imetaja kuona kwa sababu kuona ndiko kulikokuwa njia ya watu wale. Mtume mwenyewe amesema sisi ni umma usioandika wala kuhesabu, ikimaanisha sababu ikiondoka hukumu inabadilika. Mwaka 1939 Ahmad Shakir wa Misri, naye kadhi na mtu wa hadithi, aliandika hivyo. Na wanatuuliza: ratiba ya swala iliyotundikwa ukutani msikitini, yenye dakika, nani kaiandika kama si mtu wa hesabu? Mbona Alasiri hatutoki kupima kivuli cha kijiti?

Nimewaeleza sawa?

#18 Mwl_Fizikia_Tanga

Karibu sawa, Ustadh. Umeweka dalili zote ila umeuacha moyo wao. Mnadhani wanataka urahisi. Wengi wao kinachowauma ni kumuona mama yao mtu mzima, mwenye sukari, amejinyima mwezi mzima, anaambiwa afungue kwa ushahidi wa mwezi ambao haukuwepo angani. Kwao hiyo ni amana imevunjwa. Na hawaoni kwamba hesabu ni mgeni ndani ya dini. Sura ya Rahman aya ya 5 inasema jua na mwezi huenda kwa hisabu. Kwao, kukaa na jedwali la mwezi ni kutazama ishara ileile anayoitazama mvuvi ufukweni.

#19 Ustadh_wa_Mtaani

Napokea. Hilo la amana sikuwahi kulifikiria kama lao. Nilidhani ni letu peke yetu.

#20 Nahodha_Mstaafu_Pemba

Assalamu alaykum. Mimi mzee, naandikiwa na mjukuu. Mnasema habari za macho na hesabu kama vile ni watu wawili. Wazee wetu walikuwa na vyote. Kulikuwa na mwaka wa Nairuzi, siku 365, tunauhesabu kwa miongo, kumi kumi, kujua lini kupanda na lini kaskazi inakwisha kusi inaingia. Na kulikuwa na mwezi wa kufunga, huo unatazamwa. Mtu mmoja alikuwa anajua yote mawili, asubuhi anahesabu na jioni anatazama.

Na kutazama kwenyewe si kusimama pwani ukanyoosha kidole. Wengi waliosema wameuona waliona Zuhura, au uzi wa wingu uliopigwa na jua, au siku hizi mstari wa moshi wa ndege. Shahidi akija alikuwa anaulizwa. Jua lilizama wapi, kwenye mnazi upi? Mwezi ulikuwa kulia kwake au kushoto? Juu kiasi gani, vidole vingapi ukinyoosha mkono? Ulikaa kiasi gani kabla ya kuzama? Pembe zimeelekea wapi? Hilali ya kwetu huku karibu na mstari wa ikweta hulala chali kama dau, pembe juu, tumbo limeelekea jua lilikozama. Mtu akisema pembe zimeangalia chini, anapewa kahawa na anashukuriwa kwa kuja. Haitwi muongo. Huenda kweli aliona kitu.

#21 Mwl_Fizikia_Tanga

Shikamoo mzee. Wakuu, someni maswali hayo tena. Kila moja lina jibu ambalo jedwali la falaki linalo tayari kabla ya magharibi: mwezi utakuwa kushoto au kulia, juu digrii ngapi, utakaa dakika ngapi. Mtu wa hesabu akiketi pembeni ya kadhi usiku ule na karatasi yake, hamfuti shahidi, anamsaidia kadhi kuuliza. Kwa mawingu yetu ya masika, ambayo yameangukia miandamo mingi ya miaka hii, msaada huo si mdogo. Hapo ndipo mimi nilipofika, sioni haja ya mmoja kumshinda mwenzake.

#22 Mama_Futari

Na tangazo litoke kabla ya saa tatu. Naomba liandikwe.

#23 Mdadisi_254

Mama, mimi nakuunga mkono bila masharti.

Ustadh, nina swali, na safari hii nauliza kwa kutaka kujua. Tuseme mtu ameuona mwezi wa Shawali, unaomaliza Ramadhani, kwa macho yake. Yuko peke yake shambani, ana yakini kabisa. Anakwenda kwa kadhi, kadhi anamkataa, kwa sababu kufungua kunataka mashahidi wawili. Mji mzima kesho umefunga. Yeye afanyeje? Alichokiona kakiona.

#24 Ustadh_wa_Mtaani

Wanachuoni wamehitilafiana. Wapo waliosema afunge na watu, kwa sababu Idi ni siku ambayo watu wanaila. Kwa Imamu Shafii, ambaye ndiye tunayemfuata pwani hii, mtu huyo hafungi. Yakini yake haiwezi kufutwa na kadhi. Ila anakula kwa siri.

#25 Mdadisi_254

Kwa siri kwa nini, kama ana haki?

#26 Ustadh_wa_Mtaani

Ili asidhaniwe vibaya na asiwavuruge wengine, maana wao hawakuona alichokiona na hawana kosa. Swala ya Idi ataiswali nao siku yao.

#27 Binti_Jomvu

Na akifumaniwa anakula?

#28 Ustadh_wa_Mtaani

Vitabu vya Kishafii vimeliuliza hilo pia. Kama alikwenda kwa kadhi kwanza akatoa ushahidi ukakataliwa, kisha akala, haadhibiwi. Kama alikula kwanza, akafumaniwa, ndipo akasema "niliuona mwezi", hapokelewi, kwa sababu sasa anajitetea. Kwa hiyo aende kwa kadhi kabla ya kwenda jikoni. Naadhiniwa hapa, nitarudi baada ya Isha.